Kaburi Lililo Shambani kwa Kezia

Simioni alifika kijijini Nyansurura kwa miguu, enzi za Wajerumani, akiwa na kengele ya shaba na dawa ya vidonda. Alitibu watu, akafundisha dini, akabatiza wachache. Mwaka sotoka ilipomaliza ng'ombe, watu walisema kengele yake ndiyo iliyouita ugonjwa. Mzee mmoja wa hapo, Machage, akamuua kwa mkuki Simioni akiwa anasali.

Siku hizi Simioni anaheshimiwa kama shahidi wa imani. Kila Agosti waumini huandamana hadi kaburini kwake, katikati ya shamba la Kezia, mjane wa mjukuu wa Machage. Huimba, huchota udongo kwa ajili ya wagonjwa, kisha katekista Sylvester husoma habari za kifo kile na kulitaja jina la muuaji. Shuleni watoto wa Kezia waliitwa wana wa mkuki. Mwaka jana binti yake Nyangi alichumbiwa, lakini wakwe waliposikia ni wa ukoo gani, hawakurudi tena.

Mwaka huu Kezia aliziba lango la shamba kwa miiba, akasimama na jembe mkononi.

Sylvester alimwamkia shikamoo. Kezia hakuitikia. Alisema watapita, ila jina la Machage lisisomwe.

"Mama, ukweli siwezi kuubadilisha," Sylvester alisema.

"Basi usome wote. Babu zenu aliowabatiza Simioni walikimbia, wakamwachia fisi. Machage aliyemuua ndiye aliyemzika. Kaburi hili tunalipalilia sisi tangu siku ile. Mbona hilo hamlisomi?"

Sylvester alijibu kwamba muuaji hasifiwi kwa kuzika. Nyuma yake mtu akasema damu ya ukoo huo haijabadilika. Wanaume wawili walianza kuvuta miiba. Kezia akainua jembe, na Nyangi akatoka nyumbani na panga, akasimama kando ya mama yake. Wanaume wakaiacha miiba.

Waumini walifanya ibada palepale barabarani. Sylvester alisoma jina la Machage kwa sauti kubwa kuliko miaka yote.

Baada ya wiki moja ilitangazwa kanisani kwamba kuanzia mwakani sikukuu ya Simioni itafanyika kwenye uwanja wa kanisa, na kwamba Kezia hatapokea komunyo mpaka aombe radhi. Hakuomba. Jumapili alikaa na Nyangi kwenye benchi ambalo wenzao walilihama, akaimba nyimbo zote hadi mwisho.