Tovuti ya Halua Siku ya Ijumaa

Ami Qais aliponiambia nimtengenezee tovuti ya duka lake la halua hapa Mji Mkongwe, alitoa sharti moja: Ijumaa wakati wa sala ifungwe, kama duka.

"Ami, inakaa kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani. Haifungwi."

"Mimi nipo msikitini na mlango wangu uko wazi? Ifunge, Shaima."

Nikaweka tangazo kubwa juu kabisa: "Tumekwenda kuswali."

Ijumaa ya kwanza aliporudi kutoka msikitini, nilimwonesha barua pepe ya mteja wa kwanza, bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Mudrik. Ami alitabasamu, kisha akaona saa ilipotumwa.

"Mwandikie halua yake inakuja," akasema. "Lakini kwanza muulize, khutba kaisikilizia wapi."