Mgeni wa Mabusu Matatu

Upepo ulimchukua Jagoda siku nne kuuchora. Si kazi ndogo kuchora kitu kisichoonekana. Ilibidi auchore kwa vitu unavyovigusa: pazia likijaa tumbo, moshi wa kikaango ukilala upande, unywele mmoja wa bibi aliyeketi kitini ukiinuka. Michoro kumi na miwili kwa kila sekunde, yote kwa penseli, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Ndani ya upepo huo akaviweka virusi vya homa ya mafua, vya mviringo, miiba mwili mzima, vikiingia dirishani na kutokea mlango wa jikoni, na kimoja kikiangukia mdomoni mwa bibi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya watoto wa shule, dakika sita, kuwaonyesha homa ya mafua inavyouingia mwili na inachofanya ikishaingia. Karatasi ya maelezo waliyopewa ilianzia pale kirusi kinapotua kooni. Kimefikaje kooni, haikusema, na pale karakana ya katuni, huko Novi Sad, hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Dirisha wazi, mlango wazi, mtu katikati: nani hajui kuwa upepo wa kupita ndio uletao maradhi? Bogoljub, mwenye karakana, aliitazama sehemu hiyo mara tatu, akavuta skafu yake shingoni.

"Huo upepo," akasema, "nimeusikia mpaka kwenye figo."

Kisha akaja Daktari Vukica kuikagua kazi.

Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita kuku. Alisifu kirusi kinavyojishikiza kwenye seli ya koo kwa miiba yake, na seli inavyokimeza yenyewe ikidhani ni mgeni wa heri. Alisifu seli inavyoacha shughuli zake zote ikaanza kutengeneza virusi vingine, mpaka inachoka na kufa, navyo vinamiminika kwenda kwa jirani. Lakini mwanzo ulipoonyeshwa alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani kachora upepo huu?"

"Mimi, daktari," Jagoda akasema.

"Mzuri. Umenitetemesha. Sasa utoe."

"Autoe!" Bogoljub akaruka. "Daktari, niwie radhi, shangazi yangu alikaa kwenye upepo wa kupita robo saa tu, mdomo ukaenda upande mwezi mzima."

"Bogoljub, mwanangu, hata mimi nyumbani nikiona madirisha mawili wazi napiga kelele. Ndivyo nilivyolelewa. Lakini homa ya mafua haiji na upepo. Inaletwa na mtu. Anakohoa, anapiga chafya, anakushika, anakubusu. Dirisha likiwa wazi ni afadhali, hewa chafu inatoka. Nichoreeni mtu."

"Afadhali, eti! Jagoda, umesikia? Kesho atatuambia tutoke nje nywele zimelowa."

Wakacheka wote. Jagoda hakucheka. Alikuwa ameishika penseli kwa mikono miwili.

"Daktari, mtu akishaambukizwa, anaanza kuugua baada ya siku ngapi?"

"Mbili hivi. Pengine moja, pengine nne. Kwa nini?"

"Nijue nichore usiku mara ngapi."

Siku mbili. Mwaka uliopita, siku ya Mtakatifu Nikola, ambaye ndiye mtakatifu wa ukoo wao, nyumba ilijaa wageni na moshi wa samaki. Jagoda ndiye aliyekaanga. Moshi ulipomzidi alifungua dirisha na mlango wa jikoni, na mama yao, Stamena, alikuwa amekaa katikati. Siku ya pili yake mama alikuwa mzima. Siku ya tatu akashikwa na homa, na kabla ya mwaka mpya wakamzika. Pale makaburini kaka yake Jagoda, Miladin, akasema watu wakisikia, "Umemuua kwa upepo wako. Kwangu usikanyage."

Sikukuu ile haina mwaliko. Anayekumbuka huja mwenyewe, akafunguliwa. Sasa ilikuwa imehamia kwa Miladin, maana ndiye mtoto wa kiume, na ilikuwa imebaki wiki moja. Katika ukoo mzima Jagoda peke yake ndiye aliyekatazwa mlango ambao hata jirani asiyejulikana jina huingia. Mwaka mzima alikaa katika nyumba ya mama, madirisha yamefungwa hata Julai, akila amesimama kando ya jiko kwa sababu meza ilikuwa kubwa mno.

Akaketi amchore huyo mtu aliyetakwa na daktari. Mkono ukaenda wenyewe. Kofia ya sufu, mabega mapana, ngumi mdomoni: Miladin, alivyoingia siku ile ametoka Vienna na lori lake, anakohoa. "Vumbi la njia," alisema, akamkumbatia mama, akambusu mara tatu, kulia, kushoto, kulia, kama ilivyo desturi. Jagoda alimwona kupitia moshi.

Aliitazama michoro ile mpaka chai yake ikapoa. Halafu akapiga simu.

"Nani?"

"Mimi, kaka."

"Unasemaje?"

"Nachora filamu ya homa ya mafua. Ya shule."

"Kruna kaniambia." Kruna ni binti yake, ambaye Jagoda humvizia getini mwa shule walau amsalimie. "Basi sasa umejua upepo unafanya nini."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Miladin hakungoja.

"Mimi nimebadilisha madirisha yote," akasema, sauti ikishuka. "Hata sindano haipiti. Kila asubuhi nazunguka nayashika moja moja. Mke wangu ananicheka, eti nimekuwa mlinzi wa benki. Acha acheke. Watoto wangu hawatakwenda vile."

"Kile kikohozi chako cha mwaka jana," Jagoda akasema taratibu, "kiliisha?"

"Kikohozi gani?"

"Ulichokuja nacho."

"Lilikuwa vumbi," Miladin akasema. "Vumbi la njia, Jagoda. Si nilisema?"

Haikuwa sauti ya mtu anayejibu. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Kumbe alikwisha kuzihesabu zile siku mbili, toka mabusu hadi homa, labda mara nyingi kuliko Jagoda, na kila alipozimaliza aliinuka akaenda kushika madirisha.

"Ndiyo, kaka. Ulisema."

"Haya. Una jingine?"

"Hapana. Wasalimie."

Alingoja, huenda kaka angesema neno juu ya sikukuu. Simu ikakatwa.

Aliichana michoro ya Miladin yote. Daktari bado alitaka mtu. Jagoda akasogeza kile kioo kidogo ambacho kila mchoraji wa katuni huwa nacho mezani cha kuigizia sura, akakohoa mbele yake, akaanza kujichora.

"We, mbona mgonjwa wetu ni wewe?" Bogoljub aliuliza kesho yake. "Watoto wa nchi nzima watakukimbia barabarani!"

"Kioo hakikuwa na mtu mwingine."

"Ungeniita mimi. Pua hii imeumbiwa chafya."

Siku ya Mtakatifu Nikola karakana ilikuwa tupu. Kila mtu yuko mezani kwa mtu. Jagoda alikuwa anachora mabusu matatu ya yule mgeni mwenye sura yake kwa bibi. La kwanza peke yake lilikula michoro kumi na minne. Ilibidi ajue kichwa kinainama kiasi gani, shavu la mzee linabonyea wapi midomo ikiligusa, na hapo ndipo alipogundua kuwa hajui. Siku ile yeye hakumbusu mama. Mabusu yalikuwa ya wageni, na yeye alikuwa mtu wa nyumbani, mikono ina mafuta.

Akafuta, akachora tena. La pili lilikwenda polepole zaidi, maana bibi wa kwenye karatasi alikuwa ameanza kutabasamu, na Jagoda hakutaka kumharakisha.