Sévère Amficha Mkewe Uso

Kaneza alitoka kliniki bila bandeji, na Uvira nzima ikamwingia machoni. Kwa miaka minne mtoto wa jicho alikuwa amemtia gizani. Sasa alisimama mlangoni akipiga makofi, akishangilia hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba.

Mumewe, Sévère, alivuta kofia hadi puani, akakaa nyuma yake. Furaha alikuwa nayo tele, lakini hofu iliishinda. Katika giza lile la mkewe meno ya mbele ya Sévère yalikuwa yameng'oka yote na mashavu yamebonyea, na kila Kaneza alipouliza kama amebadilika, alimjibu, "Niko vilevile." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ya kurudi nyumbani Kalundu ilikuwa ndefu kweli.

Akaona dawa ni kumshughulisha.

"Mama Ciza, angalia kule! Ndagala!"

Wanawake walikuwa wameanika samaki wale wadogo mchangani, na jua linawametesha. Kaneza akaruka kama mtoto. Alipotaka kugeuka, Sévère akawahi: "Na ule mama, angalia vile amepanga nyanya!" Kila fungu lilikuwa na moja juu, nyekundu kuliko zote. Ajabu, Sévère alipita hapo kila siku na hakuwahi kuliona hilo. Akaonyesha mapovu ya sabuni yakikimbia mtaroni na rangi zake, akaonyesha ukungu ukipanda milimani. Hila ilishamtoka kichwani. Alionyesha kwa sababu ameona, na kofia ilipoanguka hakujua.

"Mama Ciza, njoo uone!" Alikuwa amechutama mbele ya kitoto cha mbuzi kinachojaribu kusimama.

Kaneza hakuangalia mbuzi. Alikuwa anamtazama yeye.

Sévère akaziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mukono, Baba Ciza. Unazani masikio yangu nayo ilikuwa na mtoto wa jicho? Miaka yote hii unasemaka na upepo mu kinywa."

"Ulijua?"

"Na leo asubuhi, wakati walinifungua, niliomba wanipeleke ku dirisha. Nilikuona inje, unabonyeza mikate yote upate ile ya laini. Ni weye niliangalia wa kwanza. Sasa cheka, nione."

Sévère akacheka, ufizi wote nje. Kaneza akapiga vigelegele palepale barabarani, na wauza samaki wakageuka kutafuta bibi harusi.