Gari la Mwezi wa Ndugu Wema

Mama aliukumbatia mkoba wenye fedha zetu, nami nilikuwa nimelizunguka lile gari jeupe kwenye duka la magari hata kichwa kikaanza kuniuma.

"Kaa chini, A-wen. Unawatia watu wasiwasi."

Sikuweza kukaa. Tangu Mama ateleze kwenye pikipiki yangu siku ya mvua na kuvunjika nyonga, nilikuwa nikimpeleka hospitali kwa basi, yeye na mkongojo wake. Kila dereva alipokanyaga breki, moyo wangu uliruka. Gari hili lilikuwa karibu jipya. Lilitumika kwa wateja kulijaribu barabarani tu. Bei yake ilikuwa imeporomoka kwa sababu moja: ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, na hapa mjini Chiayi mwezi huo watu hawanunui magari. Lango la kuzimu liko wazi, na waliotoka humo wanatembea mitaani. Kuwataja kwa jina lao ni mwiko. Tunawaita ndugu wema, wakitusikia wasikasirike. Bwana Kuo, muuzaji, alikuwa amewaandalia meza mlangoni: biskuti, soda, vijiti vya udi vikifuka.

"Tungoje mwezi wa nane," Mama akasema.

"Mwezi wa nane bei inarudi juu. Hatutaiweza."

"Basi tutapanda basi."

"Mpaka uanguke tena?"

Akaubana mkoba kwapani.

Ndipo akaingia mwanamume mmoja mwenye haraka, akalipiga gari teke kwenye tairi kama anayelidai. Mkewe alibaki kwenye meza ya sadaka, mikono kifuani.

"Mume wangu, mwezi wenyewe huu..."

"Nyamaza. Bei kama hii utaiona wapi?"

Bwana Kuo akamkimbilia na funguo.

"Sisi tumetangulia!" nikamwambia.

"Dada," akajibu Bwana Kuo, "anayetoa kianzio ndiye mwenye gari. Wewe umetoa nini zaidi ya jasho?"

Nikamgeukia Mama. "Mama, nakusihi."

"Nimeshasema. Mwezi wa nane." Akatazama dari.

Yule mwanamume akaomba kalamu. Akainama juu ya karatasi za mauzo. Nilipofumbua mdomo sikujua bado nitasema nini.

"Mizimu!" nikapaza sauti. "Mizimu imejazana kiti cha nyuma!"

Hata feni nadhani ilisita. Kisha mke akapiga ukelele, akamshika mumewe ukosi wa shati na kumburuta nje, kalamu ya Bwana Kuo ikiwa bado mkononi mwa mume.

Bwana Kuo alikuwa mweupe kuliko gari. "Umeniua, dada. Umewataja! Nani atalinunua sasa?"

Mama akainuka taratibu juu ya mkongojo. "Kweli, nani atalinunua?" akauliza kwa sauti tamu niliyoijua ya sokoni. "Gari lenye wageni ndani! Hebu punguza tena, kijana."

Akapunguza. Mkoba ukafunguka.

Nilimfungulia mlango wa nyuma anyooshe mguu. Akakataa katakata.

"Siketi nao." Akajikongoja hadi kiti cha mbele, akaketi, akauweka mkongojo mapajani. Nikatia ufunguo. Akanishika mkono.

"Usiwashe. Umewatukana mbele za watu. Waombe radhi kwanza."

Nikatazama kwenye kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, kisafi, bado kina nailoni ya kiwandani.

"Fungeni mikanda," nikasema, nikawasha. "Simwombi mtu radhi."