Harufu ya Chumbani

Tangu mkewe afariki, mzee hakuthubutu kufungua dirisha la chumbani, harufu ya marehemu isije ikamponyoka. Watoto walipoona ukuta umeota madoa meusi, walimwita fundi wa kuondoa kuvu, dada asiyejua kumung'unya maneno. Fundi alisogeza kabati, akashusha barakoa, akanusa.

"Umemsikia?" mzee aliuliza, macho yakimng'aa. "Mama watoto bado yumo humu humu."

"Pole, baba, lakini sikudanganyi. Hiyo unayoisikia ni harufu ya kuvu."

Mzee akanywea. Alikaa kitandani, akavuta pumzi ndefu, akakawia kuitoa.

"Haya, sugua, mwanangu," alisema. "Ila ile kona ya upande aliokuwa akilala, niachie."