Bibi Harusi Aliyekosa Ukurasa wa Mwisho

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye maktaba ya kale, ile ile ninayofanyia kazi, ila katika ndoto ilikuwa imejengwa ndani ya birika la msikiti na hakuna aliyelowa. Mlangoni palikuwa na kibao: MIKONO MISAFI TU INARUHUSIWA KUINGIA. Nikanawa. Mikono yangu ikaingia. Mimi nikazuiliwa.

"Kibao kinasema mikono," mlango ukaniambia.

"Na mwenye mikono?"

"Hakutajwa."

Nikakaa kwenye benchi, nimeudhika, mpaka mikono iliponirudia, ikanishika mabega na kunipitisha. Mlango ukaniandika kama mzigo wao.

Ndani, mswada mmoja unaita kutoka rafuni: "Akaingia. Akaingia." Naujua. Ni utenzi wa harusi, umeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na ukurasa wake wa mwisho ulipotea zamani. Waandishi wa kale hawakuweka namba za kurasa. Chini ya kila ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili kurasa zisipoteane. Neno hilo la chini ndilo linalomwita mwenzake, na mwenzake haitiki.

Nikaufungua. Bibi harusi, Mwana Shale, amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja juu.

"Dada," akasema, "nitaushusha lini mguu huu?"

"Ukurasa ukipatikana."

"Asubuhi wanatutia kwenye boksi la vitabu pungufu. Humo watu hawaoani."

Nilimwonea huruma kwelikweli. Mguu wenyewe ulikuwa umepakwa hina ya kupendeza, na mtu hapakwi hina ili asimame kama korongo.

Nikalichukua lile neno, nikaliweka kiganjani, nikapita nalo rafu baada ya rafu. Lilikuwa na joto kama andazi. Linaita, nasikiliza. Rafu ya juu ikaitika: "Akaingia." Nikauchomoa ukurasa na kuupachika bila hata kuusoma. Haraka zangu hizi mama yangu alizisema mpaka akachoka.

Akaingia fisi. Kumbe ulikuwa ukurasa wa kitabu cha hadithi za watoto. Fisi akaketi mkekani, akalegeza mkanda, akauliza pilau iko wapi.

"Huyu siye," akasema Mwana Shale, mguu bado juu.

"Unanikataa hata hujaniuliza kazi yangu?"

Nikamwomba radhi, nikamfungia nyama ya kwenda nayo, akarudi kwao bila kinyongo.

Neno likaita tena. Safari hii jibu likatoka tumboni mwa kitabu kinene cha chapa, cha enzi za mitambo ya kwanza, kilichokaa peke yake na tai shingoni.

"Samahani, mzee," nikakiambia. "Tumbo lako limesema Akaingia."

"Mimi ni chapa tupu. Mwandiko wa mkono haujawahi kunigusa."

Tumbo likasema tena: "Akaingia."

Kikaona haya. Kikaninong'oneza kwamba fundi aliyekitia jalada hakuwa na kadibodi, akaokota karatasi kuukuu na kuzibandika ndani ya jalada lipate ugumu. "Ukizitoa, bibie, nitalegea mbele za watu."

"Nitakutilia kadibodi ya boksi la viatu."

"Viatu gani?"

"Vya Idi."

Kikafikiri sana, kisha kikalala chali.

Nikaubandua ukurasa taratibu kwa mvuke wa maji ya chai. Sasa nikausoma kwanza, neno kwa neno, nikihofia mnyama mwingine. Ulisema: akaingia, na nyumba nzima ikasimama kumpokea. Nikaupachika.

Mwana Shale akashusha mguu.

Chumba kinajaa wanawake. Vugo linaanza, zile pembe za nyati zinazogongwa harusini, na vitabu vyote vinashuka rafuni kuja kucheza. Kile cha chapa kinacheza kimenyooka kuliko wote. Mwana Shale amenishika mkono, analia na kucheka kwa pamoja, anaukanyaga ukurasa wake mpya huku na huku kuhakikisha upo. Nikapiga vigelegele kuwashinda shangazi zake wote. Sijawahi kumfurahia mtu namna ile, na wala si ndugu yangu.

Nikaamka. Jua lilishafika dirishani na mlango ulikuwa unagongwa. Alikuwa jirani yangu, Bi Thureya, uso umenuna.

"Maimuna, mwanangu, si vizuri. Vugo usiku kucha, na mimi nawe ukuta kwa ukuta, usinialike?"

Nikafungua mdomo nimwambie ilikuwa ndoto tu. Sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kabisa.

Akanitazama koo, uso ukaanza kulainika. "Haya. Bibi harusi alipendeza?"

Nikaitika kwa kichwa, na machozi yakanitoka. Bi Thureya akavua viatu, akaingia, akaketi kusubiri sauti yangu irudi.