Mayi ya Irakoze

Kama kuna mwanaume mmoja Rumonge nzima anayejua kutuliza mtoto, basi ni mimi. Nilimwambia hivyo mke wangu Joanita Jumamosi asubuhi, alipokuwa anafunga kitambaa aende mazoezi ya kwaya.

"Irakoze akianza vurugu zake utaweza?"

"Mutoto wa miaka miwili anishinde mimi, fundi wa simu? Zilizozama ziwani nazifufua!"

"Sawa. Ukimwita jirani hata mara moja, mama anatoka Kabezi anakuja kukaa na sisi."

Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili, na mbele yake siwezi kucheka, kushiba wala kuvua shati. Nikaapa sitamwita mtu.

Joanita hajafika hata barabarani, Irakoze, aliyekuwa anatafuna ndagala, wale dagaa wa chumvi, akanyoosha mkono na kupiga ukelele: "Mayi!"

Mayai? Rahisi. Nikachemsha yai, nikalimenya, nikalipuliza. Akalitazama kama nimemtukana, akalirusha uvunguni. "Mayi!" Nikakaanga jingine. Hilo alinipaka kifuani, kisha akajibwaga sakafuni, akakakamaa kama ubao, miguu inagonga kabati. Nikaimba. Nikampa simu ya mteja. Nikamwahidi pikipiki. Wapi! Nadhani hata kijiji cha Magara walisikia.

Mimi nilisoma kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili hakinipigi chenga. Mtoto analilia mayai, anapewa mayai, anakataa mayai! Nikaishiwa mbinu. Nikajilaza kando yake, nikarusha miguu, nikalia kumpita: "Mayiii! Mayiii!"

Akanyamaza. Akanikodolea macho, kidole mdomoni. Ushindi! Nikaongeza kilio kidogo, kwa usalama.

"Baba Irakoze."

Mlangoni alisimama Marguerite, mama Elda, jirani yetu wa kutoka Uvira, Kongo, anayetulelea mtoto siku za kazi. Vikombe viwili mkononi.

"Nimesikia muko munalilia mayi," akasema. "Ya mutoto iko hii. Ya baba hii hapa."

Irakoze alikunywa chake bila kupumua. Kumbe kwa akina Marguerite mayi ni maji, na mwanangu amejifunza kusema kwa huyo mama, si kwangu mimi mwenye Kiswahili cha kambini.

"Mama Elda, murakoze, asante," nikasema nikiwa bado chini, yai limegandia shati. "Lakini wewe ni shahidi. Mimi sikukuita."

"Kweli kabisa, hakuniita," Marguerite akasema, akisogea pembeni kidogo.

Nyuma yake alikuwa Joanita, aliyerudishwa njiani na kelele, anafuta machozi ya kicheko, simu sikioni.

"Mama? Ee, funga mizigo. Watoto ni wawili."